Kelmscott Manor: Safari ya Kuitazama Nyumba ya Mawe Kando ya Mto Thames

Jumatano

Basi kutoka Swindon lilinishusha Lechlade saa saba mchana, katika mji mdogo ambao Mto Thames huupitia ukiwa bado mwembamba, mbali sana na London na hata kabla ya kufika Oxford. Kutoka hapo hadi kijiji cha Kelmscott ni mwendo wa kilomita 5 hivi kwa anayefuata njia ya kando ya mto. Niliamua kutembea badala ya kutafuta teksi, kwa kuwa mtu akitaka kuielewa nyumba ya mawe ni vema aanze kwa kuitazama ardhi inayoizunguka na kujiuliza mawe yenyewe yalitoka wapi.

Njia hupita kwenye lango la maji la St John's, ambalo ndilo la juu kuliko yote katika mto huu, na sanamu ya mzee mwenye ndevu anayewakilisha Thames imelazwa hapo kando. Baada ya lango hilo ni malisho matupu yaliyo tambarare, ng'ombe, mierebi iliyokatwa vichwa, na hapa na pale ngome ndogo za zege zilizoachwa na Vita vya Pili vya Dunia. Katika mwendo wote sikuona jiwe lililochomoza ardhini. Bonde hili ni la kokoto na udongo wa mfinyanzi, na majira ya baridi mto hupanda na kuyafunika malisho. Kwa hiyo mtu aliyejenga hapa kwa mawe aliyaleta kwa mikokoteni kutoka machimbo ya kaskazini, kwenye miinuko ya Cotswold inayoonekana kwa mbali kama mstari wa bluu. Mkokoteni wa mawe unaovutwa na wanyama katika njia za matope haukuweza kwenda mbali bila kuwa na gharama kubwa, na hiyo ndiyo sababu vijiji vya upande huu vinafanana rangi: kila kimoja kilijengwa kwa jiwe la karibu kuliko yote.

Kelmscott chenyewe ni kijiji kidogo sana, na barabara yake inakwenda kuishia karibu na mto. Kilichonishangaza kwanza si nyumba bali ua. Badala ya kupanga mawe juu kwa juu, wenyeji walichukua mabamba makubwa ya mawe yaliyopasuka kwa asili, wakayasimamisha wima ardhini yakigusana ubavu kwa ubavu, na hivyo wakapata uzio usiohitaji chokaa wala fundi mwashi. Nilisimama mbele ya bamba moja kwa muda: unene wake ulikuwa kama vidole vitatu, juu limeliwa na mvua likawa na mawimbi, na upande wa kaskazini limejaa kuvu la mawe la rangi ya chungwa. Nililipapasa nikahisi vipande vya kombe vilivyogandia ndani yake.

Kabla jua halijashuka nilipita kwenye nyumba mbili zilizoungana ambazo Jane Morris alizijenga mwaka 1902 kumkumbuka mumewe, William Morris, mbunifu, mshairi na mwanasiasa wa kisoshalisti aliyekifanya kijiji hiki kijulikane duniani. Zilichorwa na msanifu Philip Webb, rafiki wa Morris tangu ujana, na ukutani kuna picha iliyochongwa kwenye jiwe ikimwonyesha Morris ameketi chini ya mti, kofia pembeni. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la St George, nalo pia lilichorwa na Webb: ni jiwe refu lililochongwa kwa umbo la paa lenye mgongo. Amezikwa hapo pamoja na mkewe na binti zao wawili, Jenny na May. Nikarudi Lechlade kulala.

Alhamisi

Leo nimezunguka nje ya nyumba tu. Tiketi niliyokata inaruhusu kuingia ndani, lakini nilijizuia kwa makusudi, kwa sababu vyumba vyake vimejaa vitambaa na samani za Morris, na mgeni akishaviona huisahau nyumba yenyewe.

Jambo la kwanza kulisema ni kwamba Kelmscott Manor haikuwa nyumba ya mtawala wa kijiji, ingawa neno Manor lina maana hiyo. Ilijengwa karibu na mwaka 1600 na mkulima aliyefanikiwa, wa ukoo wa Turner, ikawa nyumba ya shamba, na jina hili la heshima lilikuja baadaye, katika karne ya 19. Morris aliikodi mwaka 1871 pamoja na mchoraji Dante Gabriel Rossetti, ambaye aliondoka mwaka 1874, na Morris akabaki mpangaji hadi alipofariki Oktoba 1896. Hakuwahi kuimiliki. Ni mjane wake aliyeinunua mwaka 1913. Aidha, hakuna jina la msanifu linalotajwa popote, na mtu akiitazama kwa makini anaona kwamba hakuhitajika. Morris alikwisha kuishi katika nyumba aliyochorewa na Webb mwaka 1859 huko Bexleyheath, nyumba ya matofali mekundu iliyofikiriwa kila kona na msanifu stadi, kisha akaja kuipenda zaidi hii ambayo waashi na maseremala wa mashambani waliijenga kwa kanuni walizorithi.

Kanuni hizo zinaanzia juu, kwenye paa, na sehemu kubwa ya umbo la nyumba ni matokeo yake. Paa limeezekwa kwa vigae vya mawe. Hivi si vigae vya udongo wala si mawe meusi laini ya Wales, bali ni vipande vya mawe ya chokaa ya eneo hili ambayo hupasuka katika tabaka. Kipande kama hicho ni kinene, ni kizito, uso wake haukunyooka, na hunyonya maji kidogo. Paa likilala sana, maji ya mvua yatapenya kati ya kipande na kipande, na baridi kali ikiyagandisha yatavipasua. Ndiyo maana paa za namna hii husimama kwa mwinuko wa nyuzi 50 na zaidi, ili maji yakimbie. Paa likisimama hivyo, nyumba hupata juu yake nafasi kubwa ambayo ingekuwa ujinga kuiacha bure, na mkulima anayehitaji mahali pa kulaza vibarua na kuhifadhi vitu hugeuza nafasi hiyo kuwa ghorofa. Ghorofa inahitaji mwanga, kwa hiyo ukuta wa nje unapandishwa kwa umbo la pembetatu hadi kileleni na kutobolewa dirisha. Hivyo zile pembetatu zilizochongoka ambazo watalii huzipiga picha kama pambo la Cotswold zilianza kama jibu la fundi kwa tabia ya kigae.

Upande wa mbele, ambapo kijia kilichonyooka kinatoka kwenye lango la ukuta wa bustani hadi mlangoni, nyumba inaonekana kuwa na ghorofa tatu, lakini ile ya tatu yote imo ndani ya pembetatu hizo. Madirisha yamegawanywa kwa miimo ya mawe iliyosimama, na juu ya dirisha kuna ukingo wa jiwe uliochomoza ili maji ya mvua yanayoteremka ukutani yasiingie kwenye kioo. Jiwe la aina hii likitoka machimboni huwa bado na unyevu wake na hukatwa kwa urahisi, kisha likikauka hewani huwa gumu. Mwashi alilazimika kumaliza kazi ya patasi mapema, na michongo yake ni michache na minyofu. Mawe yaliyochongwa vizuri yamewekwa pale tu panapohitajika, yaani kwenye pembe za nyumba, miimo ya madirisha na milango. Sehemu nyingine yote ya ukuta ni mawe ya kawaida yaliyopangwa kwa ustadi na kushikwa kwa chokaa.

Nilichukua kioo cha kukuzia nikakiweka kwenye mwimo mmoja karibu na kona. Jiwe lote ni chembe ndogo za mviringo zilizogandamana, na katikati yake vipande vya konokono wa baharini. Mawe haya yalitokea chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi iliyolifunika eneo hili yapata miaka milioni 165 iliyopita. Msomaji wa Lamu au Unguja ataitambua kemia hii mara moja, maana nyumba za kale za pwani yetu nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikwa kwa chokaa iliyochomwa.

Kuta za sehemu ya zamani hazikusimama wima kabisa. Zinapopanda zinaegemea nyuma kidogo, kiasi ambacho mtu hakioni mpaka asimame kwenye kona na kulinganisha na kamba yenye uzito. Huo si udhaifu. Ukuta mpana chini na mwembamba juu hutulia zaidi kwenye ardhi ya kokoto yenye unyevu, na Morris, aliyeandika kuhusu nyumba hii mwaka 1895, aliutaja mwegemeo huo kama moja ya uzuri wake. Katika maandishi hayohayo alivisifu vigae kuwa kifuniko kizuri kuliko vyote ambavyo paa linaweza kupata. Alisema mpangilio wake, vikubwa chini na vidogo juu, unampa mtu furaha ileile anayoipata akitazama magamba ya samaki au manyoya ya ndege.

Mpangilio huo ulinishika kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Kwenye ukingo wa chini kuna vigae ambavyo nakadiria vina urefu wa sentimita 60, na kadiri jicho linavyopanda vinapungua safu kwa safu hadi kwenye mgongo wa paa ambako ni vidogo kama kiganja. Sababu yake haina uhusiano na urembo. Jiwe likipasuliwa hutoa vipande vya kila ukubwa, na fundi maskini hawezi kutupa vidogo; tena maji yanayopita juu ya paa ni mengi zaidi chini kuliko juu, kwa hiyo vipande vikubwa vyenye maungio machache vinafaa chini. Uzito nao unafaa ukae juu ya ukuta. Mita moja ya mraba ya paa kama hili inaweza kufika kilo 100. Mahali ambapo paa mbili zinakutana, waezekaji wa jadi walivipinda vigae kidogo kidogo kuifuata kona, bila kutumia karatasi ya risasi. Kazi hiyo ndiyo inayomtambulisha fundi mzuri hadi leo.

Upande wa kaskazini mashariki kuna bawa lililoongezwa takriban mwaka 1665, na hapo mtu anaona familia ileile ikiwa na fedha zaidi. Madirisha ya chini ni makubwa. Ukuta umepakwa lipu nyembamba ya chokaa ambayo kwa miaka imefanana rangi na jiwe. Na juu ya madirisha ya kwenye pembetatu kuna vipambo vidogo vya mtindo wa Kirumi, yaani kijipaa cha pembetatu kilichochongwa, ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa mtindo wa mji mkuu baada ya Mfalme Charles II kurejea mwaka 1660. Kwa maoni yangu vipambo hivyo ni vidogo mno kwa mahali vilipowekwa, na vinaonyesha mwashi aliyeuona mtindo mahali fulani bila kufundishwa vipimo vyake. Hata hivyo bawa halipigani na nyumba ya zamani, kwa kuwa mwenye nyumba alibadilisha mtindo lakini hakubadilisha jiwe, na paa la bawa liliendelea kutii mwinuko uleule. Morris alichukia usanifu wa mtindo huo wa kuiga Roma karibu popote alipokutana nao, lakini bawa hili alilisamehe.

Nyuma ya nyumba, kabla sijaondoka, niliona choo cha zamani cha nje chenye nafasi tatu za kukalia sambamba. Nadhani watu wa zamani hawakuona haya kama sisi.

Ijumaa

Leo nimeingia ndani. Mama mzee wa kujitolea aliyekuwa mlangoni alinikumbuka. Akaniuliza kama sasa nimeshiba mawe, nikamwambia bado.

Mtu huingia kwanza kwenye ujia unaokatiza nyumba, uliotengwa na ukumbi kwa kiambaza cha mbao. Ujia huo ni urithi wa nyumba za zama za kati, ambamo upande mmoja wa ujia ulikuwa ukumbi wa familia na upande wa pili vyumba vya kazi, jiko na ghala. Kufikia mwaka 1600 wenye nafasi walikuwa wamekwisha kuanza kujigawia vyumba vya faragha, lakini mwashi wa Kelmscott aliendelea na ramani aliyoizoea. Sakafu ya chini ni mabamba ya mawe, ya jamii ileile ya yale ya uani, yaliyochongwa na kulainishwa na nyayo.

Nyumba hii haina korido. Chumba hufungukia chumba, na ghorofani hali hiyo inamtia mgeni aibu kidogo, kwani ili kufika kwenye chumba kikubwa chenye mapazia yaliyofumwa ni lazima upite katika chumba alicholala Morris, kando ya kitanda chake chenye nguzo nne na mapazia ambayo binti yake May aliyatarizi mashairi ya baba yake. Morris mwenyewe aliwacheka wageni walioona ni kukosa adabu kitanda kuwa karibu na sebule. Kwa upande wa ujenzi sababu ni ya kawaida: nyumba ina upana wa chumba kimoja tu, madirisha pande mbili, na kuongeza korido kungehitaji boriti ndefu zaidi au ukuta mwingine wa mawe katikati.

Urefu wa boriti unastahili kutazamwa, kwa sababu jiwe linabeba uzito unaolikandamiza lakini haliwezi kulala kutoka ukuta hadi ukuta kubeba sakafu. Kazi hiyo ni ya mti. Kwetu pwani boriti za mikoko zilikuwa na urefu wa chini ya mita 3 kati ya ukuta na ukuta, na hivyo vyumba vya nyumba za kale za Lamu vikawa virefu na vyembamba. Uingereza, miti mikubwa ilitoa boriti ndefu zaidi na vyumba vikapata umbo karibu na mraba, lakini hapa pia upana wa nyumba uliamuliwa na seremala kabla ya mtu yeyote kufikiria starehe.

Chumba cha bawa la mwaka 1665 kimevikwa mbao zilizopakwa rangi nyeupe, na meko yake ni ya jiwe lililochongwa kwa mashada ya matunda, juu yake nembo ya ukoo wa Turner. Madirisha ni makubwa kuliko ya upande wa zamani na mwanga unaingia kwa wingi. Hapo nilielewa kwamba kipambo kile cha nje nilichokiona kidogo jana kilikuwa sehemu ndogo tu ya mabadiliko, kwani fedha nyingi ziliwekwa ndani, kwenye meko, ambako mgeni aliyealikwa angekaa akitazamana na nembo.

Mapazia ya kile chumba kikubwa cha ghorofani, yanayosimulia kisa cha Samsoni wa Biblia na yaliyofumwa katika karne ya 17, yalikuwemo kabla ya Morris kuja. Rossetti alikitumia chumba hicho kuchorea na aliyaona kuwa ni ya kutisha, hasa pale Samsoni anapotobolewa macho. Rangi zimefifia, kijani imekuwa bluu, na ukuta wa mawe ulio nyuma yake hauonekani kabisa. Katika nchi ya baridi pazia zito la sufu lilikuwa pambo na pia lilizuia ubaridi wa jiwe usimfikie aliyekaa karibu.

Nikapanda ngazi hadi darini. Hapa samani zimepungua na mtu anaiona nyumba ikiwa uchi. Miti mikubwa ya paa inaonekana, mingine imepinda kama ilivyoota, na katika viungio vyake kuna vigingi vya mbao. Vibarua wa shamba walilala hapa, na baadaye Jenny na May Morris walicheza humu na hata kutoka juu ya paa wakiwa wasichana. Nilikaa kwenye kona ambapo mteremko wa paa unafika karibu na sakafu nikajaribu kufuata njia ya uzito: kigae kinaning'inia kwenye ufito kwa kigingi cha mwaloni, ufito umekaa juu ya mapau, mapau juu ya mihimili mirefu, mihimili juu ya kenchi, na kenchi juu ya ukuta. Kigae cha mawe kinaweza kudumu miaka mia kadhaa. Kinachokufa kwanza ni kigingi na ufito, kwa hiyo paa kama hili, kila baada ya vizazi vichache, huteremshwa lote, vigae hupangwa chini kwa ukubwa, miti mibovu hubadilishwa, na vigae vilevile hupandishwa tena. Zamani mafundi walipaka upande wa chini chokaa iliyochanganywa na nywele za wanyama ili upepo na theluji laini visipenye.

Kutoka dirisha la darini nilitazama mforosadi wa uani, mabanda ya shamba yaliyoezekwa namna ileile, na zaidi ya hapo malisho na mstari wa mierebi unaoonyesha mto ulipo. Mierebi hiyo ndiyo iliyompa Morris mchoro wake wa karatasi za ukutani wa mwaka 1887 wenye matawi ya majani membamba. Nyumba ya mtu wa michoro, ila ghorofa hii ya juu haikupata hata karatasi moja, na ninashukuru.

Jumamosi

Asubuhi nilikwenda upande wa pili wa Lechlade, Inglesham, kwenye kanisa dogo la St John the Baptist. Halihusiani na nyumba kwa ukoo wala umiliki, ila lina uhusiano na jinsi nyumba inavyotunzwa. Katika karne ya 19 mapadri na wasanifu wa Uingereza walikuwa na shauku ya kuyarudisha makanisa katika hali waliyodhani ilikuwa ya awali: walikwangua lipu, wakang'oa viti, wakabomoa sehemu za karne walizozidharau na kujenga upya za mtindo walioupenda. Morris aliyaona hayo Burford, si mbali na hapa, mwaka 1876, na inasimuliwa kwamba alipolalamika padri alimjibu kuwa kanisa ni lake na akitaka anaweza kusimama humo kichwa chini miguu juu. Mwaka uliofuata yeye na Webb walikuwa miongoni mwa walioanzisha jumuiya ya kulinda majengo ya kale, SPAB, iliyopo hadi leo. Inglesham ilikarabatiwa chini ya uangalizi wa jumuiya hiyo mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa msaada wa Morris, na matokeo yake ni kanisa lenye viti vya masanduku vilivyopinda, picha za ukutani za karne tofauti zikiwa zimepandiana, na sakafu isiyo sawa.

Msimamo wa jumuiya hiyo ulikuwa rahisi kuusema na mgumu kuufuata: tengeneza kilichoharibika, zuia mvua, usirudishe kilichopotea, na kazi mpya isijifanye ya zamani. Katika nyumba ya mawe maana yake huonekana kwenye maungio. Tangu saruji ilipoenea, mafundi wengi waliijaza kati ya mawe ya zamani kwa kuwa ni ngumu na hukauka haraka. Lakini ukuta wa namna hii hupumua kupitia chokaa, na unyevu ukizuiwa na saruji hutafuta njia ndani ya jiwe lenyewe, kisha baridi ikiugandisha uso wa jiwe hubanduka. Chokaa ni laini kuliko jiwe kwa makusudi, ili ichakae yenyewe na kubadilishwa. Leo mchana nilirudi Kelmscott nikapita tena kando ya ukuta wa nyuma nikitafuta saruji, sikuiona mahali popote ambapo mgeni anaruhusiwa kufika.

May Morris alipofariki mwaka 1938 aliiacha nyumba mikononi mwa Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1962 ikahamia kwa Society of Antiquaries of London, jumuiya ya wataalamu wa mambo ya kale, ambayo ilifanya matengenezo makubwa katika muongo huo kwa sababu hali yake ilikuwa mbaya. Ilifungwa tena kwa matengenezo na kufunguliwa mwaka 2022. Ukumbi wa kijiji ambao May aliupigania ulichorwa na msanifu Ernest Gimson, aliyefariki mwaka 1919, lakini haukufunguliwa mpaka 1934, na aliyekuja kuufungua ni mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Nao ni wa mawe na vigae vya mawe, na mtu asiyejua tarehe anaweza kudhani ni wa miaka mia mbili kabla. Hapo ndipo mashaka yangu yalipo. Gimson hakuwa mwigaji, na aliwaamini mafundi wa jadi kuliko wasanifu wengi wa wakati wake, ila kufikia siku zake machimbo yalikuwa yakifungwa. Huko Stonesfield, kijiji kilichojulikana kuliko vyote kwa vigae, wachimbaji walitoa mawe ardhini kabla ya majira ya baridi, wakayaweka yakiwa yamelowa, na kusubiri baridi iyagandishe maji yaliyo kati ya tabaka ili yapasuke yenyewe. Majira ya baridi yakiwa hafifu, mwaka huo hapakuwa na vigae. Uchimbaji huo ulikoma mwanzoni mwa karne ya 20.

Matokeo yake ni kwamba anayetaka kuezeka kwa vigae halisi hulazimika kuvitafuta kwenye majengo mengine ya kale, na mabanda mengi ya mashamba yamevuliwa paa zao ili kufunika nyumba za watu wenye fedha. Vipo pia vigae vya kuiga vinavyomiminwa kwa saruji na kutiwa rangi. Kwa mbali vinadanganya, lakini vyote vina unene mmoja na kingo zilizonyooka, na havishiki kuvu la mawe vizuri. Nimeviona kwenye nyumba mpya njiani kati ya Lechlade na hapa. Katika matengenezo ya majengo kama Kelmscott, kila kigae kizima kinachoteremshwa huhifadhiwa na kurudishwa, na upungufu hujazwa kutoka machimbo machache yaliyofunguliwa upya ya eneo la Cotswold.

Anayetaka kwenda aangalie ratiba kabla ya kusafiri, kwa kuwa nyumba hufunguliwa siku chache tu za wiki, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, na majira ya baridi hufungwa. Avae viatu vya matope, na akiwa na nafasi ya kuchagua aende mvua ikiwa imetoka kunyesha, maana vigae vikilowa tofauti ya ukubwa kati ya safu na safu huonekana waziwazi, na anaweza kusimama kijiani na kufuatilia paa lote kutoka ukingoni hadi kwenye mgongo.